Taa Ikiwaka, Mita ya Baisikeli Inarukwa na Akili: Kwa Nini, na Tufanye Nini?



Safari hii ukurasa wetu wa ufundi unaongea na watu wa baisikeli. Twajua mko wengi: wachuuzi wa maziwa na mkate wanaotoka nyumbani kabla jua halijachomoza, wahudumu wa afya wa kijijini, vijana wanaofanya mazoezi ya mashindano kule Iten na Eldoret, na wale wachache wa boda boda ya baisikeli ambao bado wako barabarani hata baada ya pikipiki kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Siku hizi baisikeli nyingi zina vitu viwili ambavyo zamani havikuwako. Cha kwanza ni taa ya LED, ile ya mwanga mweupe mkali inayochajiwa kama simu. Cha pili ni mita ndogo ya usukani inayoonyesha mwendo na kilomita bila waya wowote. Wengine huongeza mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Kila kimoja kikiwa peke yake ni kizuri. Vikikutana, pengine huleta shida. Mtu anaendesha mchana, mita inasema kilomita 18 kwa saa. Jioni anawasha taa, mara mita inasema sufuri. Ama anasimama kando ya barabara kusalimiana na jirani, na mita inasema ati anakwenda kilomita 79 kwa saa! Akizima taa, mita inapona.

Wengi wakiona hivyo hufikiri mita imeharibika, au wameuziwa kitu feki. Wanaitupa na kununua nyingine, nayo inafanya vile vile. Wengine, na hili ndilo lililotufanya tuandike, huamua kuzima taa ili mita iendelee kuhesabu. Jameni, hiyo ni hatari kubwa. Dereva wa matatu anayekuja gizani haoni mita yako, anaona taa yako. Kwa hivyo tafadhali someni mpaka mwisho, maana shida hii ina sababu inayoeleweka, na mara nyingi dawa yake haigharimu hata shilingi.

MITA ISIYO NA WAYA HUFANYAJE KAZI?

Mita ya kawaida ina sehemu tatu. Kuna sumaku ndogo inayofungwa kwenye spoki ya gurudumu la mbele. Kuna kidude kinachofungwa kwenye foku, karibu na pale sumaku inapopita. Halafu kuna mita yenyewe kwenye usukani.

Ndani ya kile kidude mna swichi ndogo ya kioo yenye vijiti viwili vya chuma. Sumaku ikipita, vijiti vinagusana, na kidude kinapiga ukelele mmoja mfupi wa umeme usiosikika kwa masikio yetu. Mita ya usukani inausikia na kuhesabu: moja. Gurudumu likizunguka tena, inahesabu: mbili. Wewe uliiambia mita siku ya kwanza gurudumu lako ni la urefu gani kwa mzunguko mmoja. Baisikeli kubwa za inchi 28, kama Black Mamba, huenda takriban mita 2.2 kwa mzunguko. Basi mita inazidisha, na hapo ndipo inapopata mwendo na kilomita.

Sasa angalieni jambo moja. Katika mita nyingi za bei nafuu, huo ukelele hauna jina. Hausemi "mimi ni kidude cha baisikeli hii." Ni mlio tu, katika masafa ya chini ya makumi ya kilohezi mpaka mia moja na kitu. (Kilohezi moja ni mtikisiko wa mara 1,000 kwa sekunde.) Mita inasikiliza masafa hayo, na kitu chochote kinacholia hapo, mita hudhani ni gurudumu.

Tufanye hesabu kidogo. Ukienda kilomita 18 kwa saa, hiyo ni mita 5 kwa sekunde. Gurudumu la mita 2.2 litazunguka kama mara mbili na kidogo kwa sekunde. Kwa hivyo mita hutarajia milio miwili tu kwa sekunde. Kitu kingine kikiipa milio 10 kwa sekunde, mita itazidisha 10 kwa 2.2 na kupata mita 22 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 79 kwa saa. Kumbe ile mita inayosema umesimama ukienda kasi kama gari haijarukwa na akili kweli. Hesabu yake ni sawa. Ilichosikia ndicho si sawa.

Na ile inayosema sufuri? Hiyo imezidiwa na makelele. Ni kama mtu anayekuita kwa sauti ya chini karibu na mashine ya kusaga. Sauti ipo, lakini huwezi kuichambua.

KELELE ZA TAA ZATOKA WAPI?

Mtu atauliza, taa ni mwanga tu, inapigaje kelele?

Balbu za zamani zilikuwa rahisi. Umeme wa betri ulipita katika uzi mwembamba, uzi ukapata moto, ukawaka. Betri ikichoka, mwanga ukawa mwekundu polepole mpaka ukazima. Umeme ulipita moja kwa moja bila kukatwa, na umeme usiokatwa-katwa haupigi kelele.

Taa ya LED haitaki hivyo. Inataka kiasi cha umeme kisichobadilika, si zaidi si pungufu. Ikizidishiwa inaungua. Basi watengenezaji huweka ndani ya taa saketi ndogo ya kupima umeme. Saketi hiyo hukata na kuunganisha umeme haraka sana, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na nyingine zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Kati ya kukata na kuunganisha, umeme huwekwa kidogo katika koili ya waya, kisha hutolewa kwenda kwenye taa. Ni kazi nzuri, maana betri haipotezi nguvu kwa joto la bure, na mwanga unabaki ule ule mpaka betri ikaribie kwisha.

Lakini kila umeme unapokatwa na kuunganishwa ghafla, unatikisa hewa ya umeme iliyo karibu. Koili ile nayo hutoa uga wa sumaku unaotikisika kwa masafa yale yale. Saketi ikikata umeme mara 120,000 kwa sekunde, hiyo ni kilohezi 120, yaani pale pale ambapo mita nyingine za baisikeli zinasikiliza! Hata kama saketi iko kwenye masafa mengine, kukata kwa ghafla huzaa watoto: mara mbili ya masafa ya kwanza, mara tatu, mara nne, na kuendelea.

Kuna jambo la pili. Taa nyingi zina mwanga mkali, wa kati na wa chini. Ili kupunguza mwanga, baadhi yake huzima na kuwasha LED mara mia kadhaa au maelfu kwa sekunde. Jicho haliwezi kuona, linaona tu mwanga umepungua. Lakini hiyo nayo ni kelele ya ziada. Ndiyo sababu watu hushangaa wakiona mita inafanya kazi vizuri taa ikiwa kwenye mwanga mkali, lakini inapotea taa ikiwekwa mwanga wa kati. Si uchawi. Ni mpango wa ile saketi.

Na dinamo je? Dinamo ya zamani ya volti 6 na wati 3, ile inayosuguana na tairi, hutoa umeme unaobadilika mara makumi au mamia tu kwa sekunde. Hiyo ni chini sana kuliko masafa ya mita. Ikiwa na balbu ya uzi, haisumbui. Hii haina maana turudi kwenye balbu za uzi. Taa ya LED inakufanya uonekane kutoka mbali zaidi, na betri hudumu zaidi. Tunaeleza tu kwa nini baba zetu hawakuwa na shida hii.

UMBALI NDIO MAMBO YOTE

Sasa tuje kwenye habari njema. Uga wa sumaku unaotoka kwa kitu kidogo, kama koili ya taa, hupungua haraka sana ukienda mbali nacho. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu haipungui kwa nusu. Inabaki sehemu moja kwa nane. Ukiongeza mara nne, inabaki sehemu moja kwa 64.

Angalieni baisikeli ya kawaida. Taa na mita zimefungwa pamoja katikati ya usukani, zimetengana labda sentimita 5. Kidude cha gurudumu kiko chini kwenye foku, sentimita 60 hivi kutoka kwa mita. Watengenezaji wengi wenyewe husema umbali wa kidude na mita usizidi sentimita 60 au 70. Kwa hivyo sauti tunayoitaka inatoka mbali na imefika ikiwa imechoka, na kelele tusizozitaka ziko mlangoni.

Sogeza taa kutoka sentimita 5 hadi sentimita 20. Umeongeza umbali mara nne, na kelele zimepungua mara 64. Kisha pandisha kidude juu ya foku, kutoka sentimita 60 hadi 40 kutoka kwa mita. Sauti ya gurudumu itakuwa na nguvu zaidi ya mara tatu. Hujanunua kitu. Umetumia bisibisi tu.

Wengine huogopa kupandisha kidude kwa sababu sumaku nayo ni lazima isogezwe kwenye spoki ili iendelee kupita mbele yake. Wanadhani hesabu ya kilomita itaharibika. La, haitaharibika. Sumaku ikiwa karibu na habu au karibu na rimu, itapita mara moja tu kwa kila mzunguko. Mita inahesabu mizunguko, haijali sumaku iko wapi.

MKANDA WA MAPIGO YA MOYO

Hapa twaongea na vijana wa mashindano na walimu wao. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitoa kipimo cha mapigo ya moyo kisicho na waya mwaka 1982. Mikanda ya aina hiyo ya zamani hutuma sauti yake kwa masafa ya kilohezi 5, na inasikika mpaka karibu mita moja. Mikanda mingi ya mtumba inayofika kwetu bado ni ya aina hiyo, na taa mbaya inaweza kuisumbua sawa na inavyosumbua mita ya mwendo.

Shida ni kwamba kijana huamini namba. Mita ikisema moyo unapiga mara 225 kwa dakika, anaogopa na kuacha mazoezi. Au mita inasema 90 wakati moyo unapiga 170, naye anazidi kujikaza. Kuna kanuni ya kukadiria: toa umri wako kutoka 220, utapata kama kikomo cha mapigo yako. Kwa kijana wa miaka 20 ni kama 200. Ukiona 225 nawe unateremka mlima bila kukanyaga pedeli, shuku mita kwanza.

Njia ya kuhakikisha ni ile ya wauguzi. Simama, weka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, halafu zidisha kwa 4. Namba hiyo haisumbuliwi na taa. Lakini sikizeni vizuri: ukisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio ukiwa umepumzika, usiseme ni taa. Nenda kliniki.

MITA NA MIKANDA YA KISASA

Vifaa vipya zaidi vimeacha masafa ya chini. Vinatumia masafa ya juu ya gigahezi 2.4, yaani mitikisiko milioni 2,400 kwa sekunde. Kuna mitindo miwili inayojulikana sana. Mmoja huitwa ANT+, nao hutumia megahezi 2,457. Mwingine ni Bluetooth, ule wa simu, nao hurukaruka kati ya megahezi 2,402 na 2,480. Tofauti kubwa si masafa peke yake. Vifaa hivi hutuma ujumbe wenye jina: "mimi ni kidude namba fulani, na hesabu yangu ni hii." Ujumbe ukifika umechafuka, mita inautupa na kungoja mwingine. Kwa hivyo huwezi kuona kilomita 79 za uongo. Mbaya zaidi utaona namba imekwama au vistari kwa muda.

Lakini msidhani vifaa hivi havina shida. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo. Simu ikiwa mfuko wa nyuma ya mgongo na kidude kiko gurudumu la mbele, mwili wako ni ukuta katikati. Weka simu mbele. Pia, unapounganisha mita na kidude kwa mara ya kwanza, fanya hivyo ukiwa peke yako nyumbani. Ukifanya katikati ya kikundi, mita yako yaweza kushika kidude cha mwenzako.

Hata zile mita za zamani husumbuana. Waendeshaji wawili wakienda bega kwa bega karibu sana, mita ya mmoja yaweza kuhesabu gurudumu la mwingine. Wakiachana kidogo, inakoma.

CHUNGUZA KWANZA KABLA YA KUTOA PESA

Kabla hujaenda kwa fundi, fanya hivi nyumbani. Ni kazi ya robo saa.

1. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono taa ikiwa imezimwa. Mita ikisoma vizuri, basi mita, sumaku na kidude ni vizima. Isiposoma, angalia kwanza sumaku na kidude vimekaribiana, halafu angalia betri.

2. Washa taa, zungusha tena. Jaribu kila mwanga: mkali, wa kati, wa chini, na wa kumetameta. Andika ni upi unaoleta shida.

3. Simamisha gurudumu kabisa, taa ikiwaka. Mita ikionyesha mwendo, basi umempata mwizi.

4. Fungua taa kutoka usukani, ishike mkononi ikiwaka, uisogeze mbali polepole huku mwenzako akizungusha gurudumu. Pale mita inapopona, kumbuka umbali huo. Huko ndiko mahali pa taa yako.

5. Ukitaka kujua taa ipi ina kelele nyingi, chukua redio ndogo yenye masafa ya kati, yale ya AM. Weka mahali pasipo na stesheni, ongeza sauti, halafu leta taa karibu. Taa chafu itafanya redio ivume au ilie kama mbu. Taa safi itakaa kimya. Fundi yeyote mwenye redio ya zamani anaweza kuwafanyia wateja wake kipimo hiki dukani.

DAWA, KUANZIA ILE YA BURE

Kwanza, tenganisha. Mita iwe upande wa usukani ulio sawa na kidude, na taa iwe upande ule mwingine. Afadhali zaidi, funga taa chini ya usukani au kwenye foku pale juu, mradi mwanga usizuiwe na gurudumu na usiwapige machoni wanaokuja.

Pili, pandisha kidude na sumaku kama tulivyoeleza.

Tatu, badilisha betri. Betri ya kidude ikichoka, ukelele wake huwa dhaifu, na hata kelele kidogo huushinda. Mara nyingi mita inayosumbuliwa leo haikusumbuliwa mwaka jana na taa ile ile. Kilichobadilika ni betri.

Nne, angalia waya. Kuna taa ambazo betri yake iko mbali, imefungwa kwenye bomba la fremu, na waya mrefu unapanda hadi kwenye taa. Usiupitishe waya huo karibu na mita. Kama ni nyaya mbili zilizotengana, zisokote pamoja kama kamba. Umeme unaokwenda na unaorudi ukiwa umesokotwa, uga wa mmoja huufuta wa mwingine kwa kiasi kikubwa.

Tano, chagua mwanga usio na shida. Kama mwanga mkali hausumbui na wa kati unasumbua, tumia mkali panapokuwa na giza nene, ila inamisha taa kidogo.

Sita, kama unahitaji mita kwa kazi na bado inasumbua, nunua mita ya waya. Waya mwembamba unapanda kutoka foku hadi usukani, hakuna mawimbi ya kuingiliwa. Ni ya bei ya chini kuliko isiyo na waya, na kwa mtu wa kazi twaona ndiyo bora.

Na ikishindikana yote? Acha mita ikae kimya usiku. Utahesabu kilomita zako kesho. Sheria ya barabara ya Kenya yataka baisikeli iwe na taa usiku, na hata isingetaka, maisha yataka.

MAMBO YASIYOSAIDIA SANA

Tumeona watu wakifunika taa kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Karatasi hiyo ni nyembamba mno kuzuia uga wa sumaku wa masafa ya chini namna hii. Tena inaziba njia ya joto. LED hutoa joto nyuma yake, na ikifunikwa huungua mapema. Kufunika mita nako ni kujiziba masikio, maana hata sauti nzuri haitaingia kama kawaida.

Kuna pia kile kizibo cheusi cha feraiti, ule uvimbe mnauona kwenye waya za kompyuta kuukuu. Hicho husaidia kuzuia kelele za masafa ya juu zinazopita kwenye waya, hasa zile zinazosumbua redio. Ukiupitisha waya mara tatu katika tundu lake, nguvu yake huwa kama mara tisa ya kuupitisha mara moja. Lakini hakitazuia uga unaotoka moja kwa moja kwenye koili ndani ya taa. Kwa hiyo, dawa ni umbali.

HII SHIDA IKO NYUMBANI PIA

Ukishaelewa taa ya baisikeli, umeelewa mambo mengi. Redio ya mama jikoni ikivuma kila mnapowasha balbu ya LED ya sola, sababu ni hiyo hiyo. Chaja ya simu, kidhibiti cha sola na inverta, vyote hukata-kata umeme. Stesheni za AM ziko kati ya kilohezi 531 na 1,602, na saketi ya kilohezi 100 huzaa watoto wake katika 600, 700, 800 na kuendelea, katikati ya stesheni zenu. Hata FM haiponi. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Waya wa sentimita 75 kutoka betri hadi taa ni antena nzuri kabisa ya kutupia kelele kwenye FM! Fupisha waya, usokote, au usogeze redio.

Pikipiki nayo ina kelele zake, zinazotokana na cheche za plagi. Cheche zina historia katika jambo hili. Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha mawimbi ya redio kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1886 hadi 1888 akitumia cheche. Kwa hiyo kila plagi ni stesheni ndogo ya redio. Plagi nyingi zenye herufi R katika namba yake zina kizuizi ndani cha kupunguza kelele hizo. Mkibadilisha, msiweke isiyo na R kama mtengenezaji alitaka yenye R.

UKIENDA KUNUNUA

Mwaka 1934 mataifa yaliunda kamati, kwa kifupi CISPR, ya kuweka vipimo vya kelele za umeme. Taa zilizotengenezwa kwa uangalifu hufuata vipimo hivyo. Lakini kumbukeni vipimo hivyo vililenga kulinda redio iliyo mita kadhaa mbali, si mita ya baisikeli iliyo sentimita 5. Hata taa nzuri yaweza kusumbua ikibanwa sana na mita. Na alama iliyochapwa kwenye boksi si ushahidi kamili, maana kuna alama ambazo mtengenezaji hujiwekea mwenyewe kwa kutangaza kwamba amefuata kanuni.

Kwa hiyo nenda dukani na baisikeli yako, au angalau na redio ndogo. Mwombe mwenye duka awashe taa mbele yako, jaribu kila mwanga. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

KWA UFUPI

Mita ikipotea unapowasha taa, usiitupe na usizime taa. Zitenganishe sentimita 20 au zaidi, pandisha kidude na sumaku, badilisha betri, chunga waya. Wafundisheni watoto wanaoendesha kwenda shule asubuhi na mapema kwamba taa inakuja kwanza na mita baadaye. Na nyinyi mafundi wa jua kali, mteja akileta mita "iliyokufa," muulizeni kwanza: inakufa taa ikiwa imewashwa au imezimwa? Jibu lake laweza kumwokolea pesa, nawe utapata mteja atakayerudi.